Mama Edelmira, Mpaka Hai

Siku redio ilipomtaja kwa jina, Edelmira Chiguay alikuwa na kondoo kati ya magoti na mkasi mkononi. Ilikuwa saa ya salamu, ule wakati baada ya chakula cha mchana ambapo mtangazaji wa mjini huwasomea watu wa milimani ujumbe wao, maana barua huku hufika ikiwa imeshazeeka.

“Mama Edelmira Chiguay wa Mellizas anajulishwa kwamba tume ya mpaka imemaliza kazi. Shamba lake limeingia upande wa Argentina. Ujumbe wa serikali utafika Alhamisi kushusha bendera. Na Bwana Eladio wa Mto Baridi anajulishwa kwamba jino la mkewe limeng'olewa salama.”

Hivyo ndivyo alivyoambiwa kwamba hayuko tena Chile, kwa pumzi moja na jino la mke wa Eladio.

Alimaliza kumnyoa kondoo. Mnyama hawezi kubaki nusu uchi kwa sababu ya serikali. Alipomwachia, akakaa juu ya lile rundo la sufu na kuangalia mlingoti uliosimama mbele ya nyumba. Bendera ilikuwa juu, kama ilivyokuwa juu kila siku kwa miaka ishirini na tano, isipokuwa zile asubuhi kamba ilipoganda ikawa kama fimbo.

Jambo moja ndilo lililompanda kichwani, likakataa kushuka. Nani amesema?

Maana kulikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa mfereji.

Yeye na mumewe Belarmino walikuja Mellizas kutoka kisiwa cha Chiloé, miaka ishirini na saba nyuma, na ng'ombe wawili na gunia la viazi vya mbegu. Walikuta bonde tupu lenye kinamasi juu yake. Maji ya kinamasi yalikuwa yakienda zake mashariki, kwa jirani yao wa Argentina. Belarmino alitaka maji ya viazi. Akachukua sepetu, akapasua kile kituta kidogo kinachotenga kinamasi na shamba, na maji yakageuza njia, yakaja magharibi, yakapita kwenye viazi, yakaanguka mtoni. Kazi ya wiki tatu. Hakuna aliyefikiria nchi. Walifikiria viazi.

Mwaka wa pili ndipo alipokuja Meja Anselmo Urzúa na farasi wanne na mabomba ya ramani. Akawaeleza kwamba mpaka wa huku umeandikwa kwa maji: yanayokwenda bahari ya magharibi ni ya Chile, yanayokwenda ya mashariki ni ya Argentina. Akasimama juu ya mfereji, ambao tayari ulikuwa umeota nyasi pembeni na vyura ndani.

“Hiki kijito ni cha asili?”

Belarmino, ambaye hakujua kudanganya hata mbwa, alimtazama mkewe.

“Tumekikuta,” akasema Edelmira.

Basi. Neno moja. Meja akaandika, na bonde likawa Chile.

Meja huyo alikuwa akifundisha somo linaloitwa jiopolitiki katika chuo cha maafisa huko mji mkuu, na kila kiangazi alikuja kupima na kula. Ukimwuliza somo lenyewe ni kitu gani, alisafisha meza. Sinia la nyama alilisukuma katikati, hiyo ni milima. Kidole alikichovya kwenye chai, akachora mto. Kibakuli cha chumvi akakiweka ukingoni, bahari.

“Mama, niambie. Huu mkate unataka nini?”

“Mkate hautaki kitu, Afande. Wanaotaka ni walaji.”

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. “Mkate umekaa mbali na chumvi. Kwa hiyo unataka chumvi. Leo, kesho, atawale nani atawale. Wengine wakisoma mahusiano ya kimataifa wanakaa kusikiliza hotuba za marais. Mimi kwanza nauliza ardhi. Pili nauliza maji. Tatu, njia ya kufika baharini. Nne, nani amekaa hapo. Hotuba ni ya tano, na mara nyingi hata sifiki.”

“Na mimi ni wa ngapi?”

“Wewe ni wa nne, mama. Jiwe la mpaka limekufa, kondoo hulikojolea. Lakini moshi ukitoka kwenye bomba lako, nchi inapumua. Wewe ni mpaka hai.”

Sasa mwanamke huyu alikuwa mtoto wa saba wa wachimba viazi. Maisha yake yote hakuna aliyemwambia yeye ni kitu, achilia mbali mpaka. Alipopewa bendera aliipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto. Na mtoto alipozaliwa kweli, Ludivina, padre aliyepita na farasi akabatiza na Meja akamshika: baba wa ubatizo. Huku kwetu baba wa ubatizo ni mtu wa nyumba. Anaingia bila kubisha hodi na kufunua sufuria.

Lakini mfereji hakuambiwa. Belarmino mwenyewe alitunga sheria: mbele ya wageni ni “kijito”. Wenyewe kwa wenyewe waliuita jina alilolitunga Ludivina akiwa na miaka minne, alipolala kifudifudi akisikiliza maji yakipita kwenye kituta, glu, glu, glu, kama babake anavyokunywa. Koo la Baba. Jina hilo lilikuwa na watu watatu tu duniani. Mti ulipomwangukia Belarmino msituni, lilibaki na wawili.

Ludivina alipotimiza miaka kumi, Meja akamchukua mji mkuu akasome. Alisoma, akakua, akawa mpiga chapa katika ofisi ya huyo huyo baba yake wa ubatizo, ambaye naye alikuwa ameacha farasi na kuanza kuandika kitabu. Kila Krismasi alirudi nyumbani na viatu visivyofaa.

Haya yote Edelmira aliyapitisha kichwani akiwa amekaa juu ya sufu. Kisha akainuka, akavuka kinamasi kwenda kwa mtu aliyefaa kushukiwa.

Nicanor Antilef, Mwargentina, mjane mwenye mbuzi, alikuwa mlangoni akitengeneza hatamu. Miaka yote wawili hawa walishindana bendera. Yeye akipandisha saa moja, mama anapandisha saa moja kasoro. Akimwona mbali humpigia saluti kwa kuinua mguu wa mbuzi.

“Karibu Argentina, Bibi Bendera! Pasipoti umekuja nayo?”

“Umewaambia, we mzee?”

“Kuwaambia nini?”

“Usinifanye mjinga. Mfereji. Wewe unachunga pale kila siku.”

Nicanor akaweka hatamu chini. “Nimeuona miaka ishirini na saba. Belarmino alipovunja sepetu siku ya tatu, aliyemwazima nyingine nani?”

Sepetu hiyo bado ilikuwa nyuma ya mlango wa Edelmira.

“Halafu nikuulize, nafaidika nini mimi? Jana nilikuwa mtu. Helikopta inaniletea unga, koplo ananipigia saluti. Leo mpaka umenipita umekwenda huko kwako. Mimi nimebaki mzee mwenye mbuzi. Jana nilikuwa mpaka hai!”

“Ulikuwa nani?”

“Mpaka hai. Alikuja mwalimu wetu mmoja wa haya mambo ya ramani, kutoka Buenos Aires, amevaa skafu. ‘Nicanor, jiwe limekufa, wewe unapumua.’”

“Jiwe, kondoo hulikojolea?”

“Aa, kwetu alisema ng'ombe.”

Wakatazamana. Nicanor alianza kucheka, lakini alipoona uso wa yule mama akaacha, akaingia ndani kuwasha moto.

Ludivina aliwasili Jumatano, siku moja kabla ya wakubwa, eti kusaidia kufunga mizigo. Alileta kitabu cha Meja, kinene, jalada gumu, na ndani mkono wa mwenyewe umeandika: *Kwa Mama Ludivina, mpaka hai, kwa heshima.* Ludivina akavaa aproni, akakaa kukwaruza viazi vya mkate, kama tunavyofanya watu wa Chiloé, na mama akakaa dirishani na kitabu. Alikuwa msomaji wa kidole. Shule yake iliishia darasa la nne, lakini kidole chake hakikuruka mstari.

Sura za mwanzo alizijua zote. Zilikuwa meza yake. Milima, maji, njia ya bahari, nani amekaa. Alitafuta bonde lake akalikuta mbele sana, kwenye ukurasa wenye ramani. Meja alikuwa ameandika kwamba Mellizas halina thamani ya kudumu kwa taifa. Kwamba taifa linahitaji mkono wa bahari ule wa kusini, wenye kina cha meli kubwa, na kwamba jirani angeweza kuuachia mkono huo akipewa mabonde yasiyo na njia. Wananchi wasione kama kuna kitu kimeuzwa, kwa hiyo ingefaa maji yenyewe yatoe hukumu. *Mkondo wa Mellizas si wa asili. Ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, ambao wenyeji huuita Koo la Baba.*

Kidole kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari. Kikapita tena.

“Ludi.”

“Bee, mama.”

“Wenyeji ni akina nani?”

“Wenyeji wapi?”

“Hapa kitabu kinasema wenyeji wanauita Koo la Baba. Baba yako yuko kaburini. Mimi niko hapa dirishani. Wenyeji wamebaki wangapi?”

Kiazi kilisimama kwenye kikwaruzo. Nje mfereji ulikuwa ukinywa, glu, glu.

“Nilikuwa na miaka kumi na moja,” Ludivina akasema, taratibu. “Kila Jumapili ananikalisha mezani, ananiambia nimweleze nyumbani, nisisahau. Jiko liko wapi. Viazi viko wapi. Maji yanapita wapi. Nilikuwa na hamu na wewe, mama. Ndiyo maana nilisema. Nilikuwa nalia na kusema.”

“Sawa. Hilo ni la mtoto, nimelisamehe kabla hujamaliza. Kitabu kapiga chapa nani?”

Ludivina akaanza kukwaruza tena.

“Nimeuliza.”

“Mimi.”

“Lini?”

“Miaka mitatu sasa.”

“Miaka mitatu.” Edelmira alikifunga kitabu kwa uangalifu, kama kina vumbi ndani. “Krismasi tatu umekuja hapa. Umekula kwangu. Asubuhi umeshika kamba na mimi tukapandisha bendera, ukaniambia nishone ile pembe iliyochanika, isije ikaaibisha. Nikashona! Nimeishona kwa taa, macho haya, na wewe umekaa pale pale unanitungia uzi kwenye sindano!”

“Alisema ni karatasi za chuo tu, mama, hakuna atakayezifuata.”

“Ulimwamini?”

Ludivina akafuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. “Nina chumba kwake. Nina kazi kwake. Wewe hujui mjini kulivyo. Nikitoka pale naenda wapi?”

Hapo yule mama aliona kwamba amefundishwa vizuri. Alikuwa amemtafuta adui kwa kuuliza nani anamchukia. Meja asingeuliza hivyo hata siku moja. Angeuliza nani amekaa wapi, anahitaji nini, na njia yake inapita mlango wa nani. Angemwona Ludivina siku ile ile ya redio, kabla kondoo hajaisha kunyolewa.

“Nimekuelewa,” akasema. “Umekaa mbali na chumvi.”

Mkate wa viazi uliokwa, lakini haukuliwa.

Alhamisi magari mawili yalipanda kwa taabu. Askari sita, mpiga picha mmoja, na Meja, ambaye siku hizi ni Kanali mstaafu mwenye fimbo na nywele nyeupe nzuri. Hakubisha hodi. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti chake kile kile, akanyoosha mkono kupokea chai ya kibuyu, ile tunayoivuta kwa mrija, kama mtu wa nyumba.

Edelmira alimpa. Kanali akavuta mrija, kisha akaacha kuvuta.

Chai ilikuwa baridi.

Mtu wa mji mkuu angefikiri moto umezimika. Lakini huyu alikuwa amekula miaka yake huku, na huku hata mtoto anajua kibuyu cha baridi hupewa mgeni asiyetakiwa. Aliivuta yote mpaka mrija ukakoroma, akarudisha kibuyu na kusema asante, ambayo kwa kibuyu maana yake ni basi, sitaki kingine.

“Umekasirika, Mama Ludivina.”

“Nimekasirika lini? Mpaka hukasirika?”

“Wewe ndiye ulianza kunidanganya. Nilikuuliza kama ni cha asili, ukasema mmekikuta.”

“Nilidanganya nikiwa jikoni kwangu kwa ajili ya viazi vyangu. Wewe ulimchokonoa mtoto mdomoni kwa kijiko, mtoto uliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Na ulijua. Tangu yuko na miaka kumi na moja ulijua, na ukaendelea kuniletea bendera mpya!”

“Nilikuletea kwa sababu zilikuwa na kazi.” Kanali aliinama mbele, na ubaya wake ni kwamba alikuwa akimwonea huruma kweli. “Sikiliza. Bonde tupu hakuna anayetoa kitu kulipata. Bonde lenye nyumba, lenye moshi, lenye mama anayepandisha bendera miaka ishirini na tano, hilo jirani analitamani. Wewe ndiye uliyelipandisha bei. Bila wewe tusingepata ule mkono wa bahari. Hukukaa hapa bure.”

Alidhani anamfariji. Ludivina, aliyekuwa amesimama kando ya jiko, aliangalia chini.

“Hukukaa bure,” Edelmira akarudia, kama anaonja. “Na ningehama, ungefanyaje?”

“Ningekuomba ubaki.”

“Najua. Uliniomba. Belarmino alipokufa nilitaka kurudi kisiwani kwa mama yangu, ukaja mwenyewe na mvua, ukalia na mimi. ‘Usiondoke, mama, nchi itakosa pumzi.’ Mama yangu akafa sijamwona.”

Kanali akatazama saa na kusema mpiga picha anahofia mwanga, na kwamba wameona ingependeza yeye mwenyewe ndiye ashushe bendera. Nyumba nyingine imeshatengwa mjini, yenye maji ya bomba.

“Bendera ni yenu, shusheni wenyewe,” akasema Edelmira. “Nyumba ni yangu. Haikuja na ninyi, haiondoki na ninyi.”

Akaenda nyuma ya mlango, akachukua sepetu ya Nicanor na kile kitabu, akatoka. Askari wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakajipanga. Aliwapita. Alipanda mpaka pale kitutani, penye koo lenyewe, akavua viatu, akaingia majini. Akakata bonge la udongo wenye nyasi, akaliangusha. Akakata la pili. Maji yakamzunguka vifundo vya miguu yakitafuta pa kupita. Kulikuwa na tundu moja bishi chini ya jiwe. Kitabu kililifaa, kilikuwa kinene.

Ludivina alikuja mbio na viatu vyake visivyofaa. “Mama! Mama, hilo ni la baba!”

“La baba limesema vya kutosha.”

“Viazi vitakufa!”

“Si mmeuliza maji? Yaacheni yajibu.”

Akalaza bonge la mwisho na kulikanyaga. Ile sauti iliyokuwepo tangu kabla Ludivina hajajua kuongea ilipungua, ikakohoa kidogo, ikakatika. Upande wa pili kinamasi kikaanza kujaa polepole, mpaka maji yakakumbuka njia yake ya mashariki.

Chini, askari walikuwa wameshusha bendera na kuikunja. Pembe iliyoshonwa ilikuwa imetokeza. Kanali alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, hapigwi picha.

“Kitanda chako kipo,” Edelmira alimwambia binti yake. Hakusema kingine. Hakuomba.

Ludivina aliitazama nyumba. Akalitazama gari, ambako baba yake wa ubatizo alikuwa tayari amemfungulia mlango. Alilia sana, hilo nisimnyime. Akapanda akilia.

“Nitakuja Krismasi, mama.”

“Utahitaji pasipoti.”

Kesho yake Edelmira aliamka saa moja kasoro, akatoka nje, mkono ukashika kamba kabla kichwa hakijamzuia. Akasimama hapo amekamata kamba isiyo na kitu. Ng'ambo, Nicanor naye alikuwa mlangoni, na bendera yake hakuwa ameipandisha. Hakupiga saluti. Baadaye alikuja na kapu, wakachimbua viazi vilivyokwisha kukomaa na kuhamishia miche michanga penye unyevu wa maji mapya. Alipoiona sepetu alitaka kusema kitu, akaona afadhali achimbe.

Walikuwa bado wameinama redio ilipofika saa ya salamu. Mtangazaji alisita kidogo, kama mtu aliyefika kwenye daraja ambalo halipo.

“Mama Edelmira Chiguay wa Mellizas, wa... Mellizas, anajulishwa kwamba binti yake amefika salama.”

Aliinua kichwa, mikono ikiwa na udongo, akangoja kama kuna neno lingine. Halikuwepo. Kilichofuata ni jino la pili la mke wa Eladio.